Baba Aliacha Machungwa, Akabaki na Juisi

Kwa miaka mitatu na ushee niliuza juisi tu, kwenye kibanda changu Nyegezi, Mwanza, hatua chache kutoka stendi. Wateja wananiita Mama Juisi; wapo ambao hadi leo hawajui jina langu jingine. Nilikuwa nafungua saa mbili asubuhi, na ikifika saa nne mbuzi wa jirani alikuwa ameshafika. Mbuzi jike, mweusi, sikio moja limekatika ncha. Alisimama kando ya ndoo ya makapi kama mtu aliye kwenye foleni ya benki, hana haraka, anajua zamu yake itafika.

Ndoo ile ilijaa upesi. Nakata chungwa katikati, nalibana kwenye kikamulio, maji yanashuka kwenye jagi kupitia chujio, na mengine yote, utando mweupe, kambakamba za katikati, vile vijikoba vilivyobaki vitupu, yanaenda kwenye ndoo. Glasi moja kubwa ilikula machungwa matano, sita yakiwa madogo. Elfu moja. Barafu bure. Mteja akiona ukamba mmoja unaelea anarudisha glasi: "Mama Juisi, leo hujachuja." Basi nachuja tena kwa kitambaa, inatoka laini, haina hata chembe ya kutafuna. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu, kwamba juisi yangu haina makapi.

Mbuzi naye alinawiri kweli kweli.

Machungwa yalikuwa ya nyumbani. Kwetu ni Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, na mtu wa Mwanza ukimtajia Ukerewe atakujibu machungwa au mihogo. Baba, mwalimu mstaafu, ana miti ishirini na kitu nyuma ya nyumba, baadhi aliipanda mwaka niliozaliwa. Gunia linapanda meli Nansio, linashuka Mwanza, kijana wa guta ananiletea mpaka kibandani. Mteja akiniuliza, "Haina sukari hii?" nilikuwa namjibu huku nimeinua kidevu: "Tunda tupu. Hata punje sijatia." Na ni kweli, kwenye ya machungwa sikutia. Kwenye ya ukwaju na ya rozela nilitia, kwa sababu bila sukari hakuna binadamu anayemaliza glasi ya ukwaju. Kwenye ya parachichi nilitia pia, wakati parachichi lenyewe halina sukari ya kutaja. Ila hayo mteja hakuuliza, nami sikujipeleka.

Katikati ya mwaka 2022 Mama alipiga simu. Akasema Baba anaamka usiku mara nne kwenda kukojoa, anakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, na pale nyuma ya migomba anapojisaidia usiku pamejaa sisimizi. Hilo la sisimizi ndilo lililonitisha. Wazee walikuwa wanaujua ugonjwa wa sukari kwa sisimizi kabla ya mashine yoyote. Nikamwambia avuke kesho yake, aje Mwanza apimwe.

Kidole kikatobolewa, tone likawekwa kwenye kijiti, mashine ikasoma sukari 16.8 (milimoli kwa lita). Hakuwa ametoka kula. Muuguzi akamweleza kwa upole kwamba mtu mwenye dalili kama zake, akipimwa saa yoyote akakutwa na 11.1 au zaidi, huyo ana kisukari. Na ukimpima asubuhi hajala kitu, mpaka ni 7. Akapewa vidonge vya aina mbili, metformin na glibenclamide, karatasi ya tarehe za kliniki, na maneno ambayo kila mgonjwa wa sukari wa nchi hii ameyasikia: "Mzee wangu, sasa vitu vitamu upunguze."

Mwalimu akishapewa maelekezo, anayatekeleza. Sukari kwenye chai, ikakoma siku hiyo hiyo. Mandazi, yakakoma. Asali aliyokuwa analetewa kutoka Tabora, akagawa chupa zote. Na machungwa akayaacha. Tafakari jambo hilo: mtu ana miti ishirini na kitu ya machungwa, anaamka asubuhi anatembea katikati yake, anachuma, anahesabu, anafunga gunia, na haonji hata pande moja. Mama anasema siku moja alimkuta amelishika chungwa, analinusa tu.

Lakini kila mwezi anakuja Mwanza kliniki. Akitoka huko anapita kibandani kwangu, anakaa kwenye benchi chini ya turubai.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mama. Biashara inakwendaje? Nipe kimoja. Si haina sukari?"

"Haina Baba."

Nampa. Anakunywa. Jua la Nyegezi likiwa kali, nampa cha pili, na hela sichukui, kwani nani anamtoza baba yake? Hivyo kwa zaidi ya miezi saba. Mzee aliyeogopa kula chungwa moja kule shambani, kwangu alikuwa anameza kumi kwa mkao mmoja, na aliyekuwa anamkamulia yale machungwa ni mimi, binti yake. Nikiyaandika haya sasa nacheka. Wakati ule hakuna aliyecheka.

Siku iliyotufumbua macho ilikuwa mwezi wa pili mwaka 2023. Siku hiyo walimwambia afike bila kula, achukuliwe damu. Foleni ikawa ndefu. Yeye asubuhi alikuwa amemeza vidonge vyote kama kawaida, maana dawa ni dawa, na tumboni hamna kitu. Alipofika kwangu ilikuwa karibu saa nane mchana. Shati limelowa mgongo mzima, mikono inatetemeka, na akaniita kwa jina la shangazi yangu ambaye tulimzika mwaka 2015. Nilidhani ni kiharusi. Kijana mmoja wa bodaboda, ambaye mama yake naye ana sukari, akanipigia kelele: "Mama Juisi, imeshuka hiyo! Mpe juisi, mpe sasa hivi!"

Nikampa nusu glasi, nimemshikilia kidevu. Tukangoja. Hazikufika dakika kumi na tano akafumbua macho vizuri, akatazama huku na huku, akasema: "Hili benchi lako limepinda mguu. Nani alikutengenezea?"

Nikajua amerudi.

Yule muuguzi alipopigiwa simu akasema tulifanya sawasawa. Metformin peke yake mara nyingi haimwangushi mtu, ila ile nyingine inaisukuma kongosho itoe insulini, ile inayoshusha sukari, chakula kiwepo kisiwepo, na ukiimeza njaani sukari inaporomoka. Ndiyo maana wagonjwa wanaambiwa watembee na pipi au juisi mfukoni. Halafu akaongeza, bila kujua mimi nafanya kazi gani: "Ila juisi ni kwa siku kama hiyo tu, mama. Siku nyingine asinywe." Nikamuuliza, hata isiyotiwa sukari? Akasema, "Sasa hiyo iliyompandisha leo ulikuwa umetia?"

Sikulala vizuri. Nusu glasi imemnyanyua mzee kutoka kwenye kuweweseka kwa robo saa. Je, zile glasi mbili za kila mwezi, siku ambazo sukari yake haikushuka popote, zilikuwa zinamfanya nini?

Nikaanza kusoma. Mimi si daktari, nimeishia kidato cha nne, lakini simu ninayo na bando nanunua. Na Baba ni mwalimu, ukimwambia jambo lazima atakuuliza, "Nionyeshe hesabu." Kwa hiyo niliandika kwenye daftari, nikampelekea Ukerewe.

Hesabu ya kwanza ni ya glasi yenyewe. Juisi ya machungwa, isiyotiwa kitu, ina sukari kama gramu 8 hadi 10 katika kila mililita 100. Soda ya kawaida ni kama 10 au 11. Ndiyo, tofauti ni hiyo tu. Glasi yangu kubwa ilikuwa na mililita kama 300, kwa hiyo gramu 25 hadi 30, sawa na vijiko sita au saba vya chai. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015: mtu mzima asivuke kama gramu 50 za sukari huru kwa siku, na akiweza kushuka chini ya 25 ni bora zaidi. Neno "sukari huru" ndilo lililonikamata. Humo wameweka ile ya kopo, wameweka asali, na wameweka sukari iliyomo kwenye juisi ya matunda hata kama hukuongeza chochote. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima hawakuiweka. Chungwa lile lile, sukari ile ile. Likiwa mkononi halihesabiki, likipita kwenye kikamulio changu linahesabika.

Baba alikomea hapo. "Hii haina mantiki," akasema kwenye simu. "Sukari ni sukari. Ukimimina maji kutoka kwenye ndoo kwenda kwenye sufuria yanabaki maji."

Swali lake lilikuwa halali, na nilichukua siku kadhaa kulijibu. Ndani ya chungwa sukari haijamwagika tu. Imefungwa kwenye vijikoba vidogo, na kila kijikoba kina ukuta wake wa nyuzinyuzi. Meno yanapasua kiasi, vingine vinashuka tumboni vikiwa bado vizima, na nyuzinyuzi zile zikikutana na maji zinafanya kitu kama uji mzito unaoteremka polepole. Sukari inaingia kwenye damu kwa awamu, na ini linaipokea kidogo kidogo. Ukikamua na kuchuja, kuta zote zimeshavunjwa kabla glasi haijafika mdomoni. Kikamulio changu kilikuwa kinatafuna kwa niaba ya wateja, kisha nyuzinyuzi nazitupia mbuzi.

Kuna jaribio la zamani lililonifurahisha kuliko yote. Lilifanyika Uingereza, mji wa Bristol, likachapishwa mwaka 1977. Walichukua watu kumi wenye afya wakawapa matufaha kwa njia tatu: mazima, yaliyopondwa, na juisi iliyochujwa, wanga ukiwa gramu 60 kila mara. Juisi iliweza kunywewa kwa kasi mara 11 kuliko kula matufaha mazima. Hata walipolinganisha mwendo, waliokunywa juisi walishiba kidogo kuliko wa yaliyopondwa, na hao walishiba kidogo kuliko waliotafuna. Insulini ilipanda juu zaidi kwa juisi na kwa yaliyopondwa. Na jambo nisilolitegemea: kile kilele cha sukari kwenye damu hakikutofautiana sana kwa njia zote tatu, ila baada ya juisi sukari iliporomoka ghafla, na baada ya matufaha mazima haikuporomoka. Walikuwa watu kumi tu, wazima, siyo wagonjwa, kwa hiyo usilibebe kama msahafu. Lakini yeyote aliyewahi kunywa juisi saa nne asubuhi akaona njaa inamkwangua saa tano na nusu ataelewa walichokiona.

Nilipokwenda nyumbani Pasaka tukarudia sehemu ya kasi, mimi na yeye barazani, simu ikihesabu sekunde. Glasi ya machungwa matano, akiwa na kiu: sekunde 22, akafuta ndevu. Kesho yake muda ule ule nikamwekea machungwa matano na kisu. Baba humenya chungwa kwa kisu kidogo chenye mpini wa mbao, anazungusha ganda la juu lote likiwa uzi mmoja usiokatika, ule utando mweupe anauacha, kisha anakata kofia, anafyonza, anapasua, anatafuna na zile nyama, mbegu anazitemea kwenye kiganja kwa sababu Mama hataki mbegu barazani. Chungwa la kwanza dakika nne. La pili polepole zaidi, kwani mjukuu alikuwa anamwuliza maswali. La tatu alilishika, akaligeuza, akalirudisha kwenye sinia. "Yametosha," akasema.

Akaniangalia, akaelewa. Hakusema chochote, akaenda kuchukua daftari.

Hesabu ya pili ilikuwa ya watu wengi, na hapo alitulia kabisa, maana anapenda namba kubwa. Mwaka 2013 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa wataalamu wa Harvard, Marekani. Waliunganisha makundi matatu ya watu waliofuatiliwa tangu miaka ya themanini na tisini, wengi wao wauguzi wa kike, wengine wanaume wanaofanya kazi za afya. Jumla 187,382. Kila baada ya miaka michache wanajaza fomu: unakula nini, mara ngapi, uzito wako, unavuta sigara? Mpaka hesabu inafungwa, watu 12,198 walikuwa wamepata kisukari aina ya pili.

Wakatazama tunda moja moja. Waliokula zabibu, mbichi au kavu, kwa kila mara tatu kwa wiki hatari yao ilikuwa chini kwa asilimia 12. Matufaha na peari, asilimia 7. Ndizi, asilimia 5, na hapo nilitamani watu wa Bukoba wasikie. Bluberi ndiyo ilikuwa mfalme, asilimia 26, lakini mimi bluberi sijawahi kuiona Soko Kuu, na siku ikija itauzwa bei ya sangara mzima. Kuna aina moja ya tikiti lenye nyama ya rangi ya chungwa ambalo lenyewe lilionekana kwenda na hatari kubwa kidogo. Machungwa hayakusogeza kitu, si juu si chini. Na juisi ya matunda, kwa kila mara tatu kwa wiki, iliongeza hatari kwa asilimia 8. Walipopiga hesabu ya mtu anayebadilisha, anaacha juisi mara tatu kwa wiki anakula tunda zima badala yake, hatari ilishuka kwa asilimia 7.

"Asilimia 8 ya nini?" Baba akauliza, na ni vizuri aliuliza, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapotishana bure. Siyo kwamba watu 8 katika kila 100 wanaokunywa juisi wataugua. Tuchukue mfano tu: kama katika kundi la watu 1,000 ambao wangeishi bila juisi hiyo ya ziada 100 wangepata kisukari, basi pamoja na juisi wangekuwa kama 108. Kwa mtu mmoja ni kidogo. Kwa mji ambao kila kona ina blenda, si kidogo.

Nina manung'uniko yangu na utafiti ule. Embe haimo. Papai halimo, nanasi halimo, fenesi halimo. Ni orodha ya mezani kwa Mmarekani, na hatuwezi kuichukua tukaibandika Sengerema. Tena ni utafiti wa kufuatilia, siyo wa kujaribu: watu wanaopenda matunda huwa pia wanatembea zaidi na kuvuta sigara kidogo, na ingawa wataalamu walijitahidi kuyatenganisha hayo, huwezi kuyatenganisha yote. Ndiyo maana nilifurahi kukuta mwingine, wa China, uliotoka mwaka 2017, watu karibu nusu milioni, nchi tofauti na matunda tofauti. Waliokula matunda freshi kila siku hatari yao ya kupata kisukari ilikuwa chini kwa asilimia 12 kuliko wasiokula au waliokula kwa nadra. Na wale ambao tayari walikuwa na kisukari, waliokula matunda zaidi ya siku tatu kwa wiki, vifo kwao vilikuwa vichache. Vichache! Na huku kwetu mgonjwa wa sukari kitu cha kwanza kuondolewa mezani ni tunda.

Kuondolewa na nani? Hapo ndipo lugha yenyewe inatuponza. Ugonjwa tunauita sukari. "Fulani ana sukari." Basi adui anakuwa utamu, chochote kinachouambia ulimi kwamba ni kitamu. Chungwa tamu, nje. Embe tamu, nje. Ugali hauna utamu, kwa hiyo leta mlima. Kwetu Ukerewe ni ugali wa muhogo, mzito, unaokaa tumboni hadi kesho, na mwanaume anayejiheshimu anakula tonge zikiwa za ukubwa wa ngumi ya mtoto. Muhogo ni wanga, wanga ukifika tumboni unakuwa sukari, na haujawahi kumwonya mtu kwa ulimi. Hilo halikuwa kwenye maneno sita ya muuguzi, na simlaumu, foleni nyuma yetu ilikuwa ya watu arobaini.

Tena tusiifanye juisi kuwa mchawi wa kila kitu. Kuna utafiti wa vijijini hapa Tanzania uliochapishwa mwaka 1989: wenye kisukari walikuwa takriban mtu mmoja tu katika mia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulipata kama 9 katika mia. Vipimo havikufanana na walioangaliwa hawakufanana, huwezi kuziweka namba hizo mbili kwenye mizani moja, lakini mwelekeo hata kipofu anauona. Katikati hapo limeingia mengi: kazi za kukaa, bodaboda ya kukupeleka mita mia tano, mafuta, soda, chipsi, vitambi vinavyosifiwa kuwa ni mafanikio. Juisi imo kwenye msafara huo, haiko mbele. Tatizo lake ni kwamba wengine wote wanajulikana ni akina nani, yeye amevaa koti jeupe.

Angalia inavyotumika. Mgonjwa kalazwa, ndugu wanakuja na boksi la juisi, kwa sababu kwenda mikono mitupu ni aibu na soda ingeonekana dharau. Mama kajifungua, juisi ya rozela, eti inaongeza damu. Harusi, juisi. Kufuturu, juisi. Mtoto hataki kula, mpe juisi apate vitamini. Mgeni wa heshima hapewi chungwa na kisu, anapewa glasi juu ya kisahani. Tunda tumelifanya chakula cha watoto na cha njiani. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunashinda juu ya mizambarau mpaka ulimi unakuwa wa bluu, na mapera tunakula na mbegu zake, na hakuna aliyetuletea mgeni akasema tumkaribishe kwa hayo. Leo mjukuu wa Baba mwenye miaka sita anakunywa juisi ya pera na pera lenyewe hajui linavyomenywa. Hata halimenywi!

Baba sasa anakula chungwa moja, mara nyingine mawili, baada ya chakula cha mchana, na kliniki wanajua. Siyo kila mgonjwa anaweza kufuata lake. Wenye shida ya figo kwa mfano wana maelekezo yao kuhusu matunda, na dozi za dawa ni mazungumzo ya daktari, siyo ya Mama Juisi. Ugali ameupunguza nusu, jambo lililozua kikao cha familia. Kila jioni anatembea hadi ufukweni kutazama mitumbwi ya dagaa ikitoka, anarudi gizani. Vipimo vyake vya asubuhi vinacheza kwenye 7 na 8. Ni kipi kilichosaidia, ugali, miguu, dawa anazomeza sasa na chakula, au kuachana na glasi zangu? Nilimwuliza. Akasema mtihani wenye majibu manne yaliyo sahihi ni mtihani uliotungwa vibaya.

Kibanda nimekigeuza, siyo chote. Asubuhi nakata papai, nanasi na tikiti, naweka kwenye vikontena na vijiti vya meno, mia tano. Machungwa namenya kwa mtindo wa Baba, uzi mmoja, nayapanga yakiwa meupe kwenye sinia, wasafiri wa basi la Sengerema wanayapenda kwa sababu hayamwagiki. Juisi bado ninayo, nisidanganye, kodi ya kibanda hailipwi kwa elimu ya afya. Ila glasi kubwa nimeziuza, zimebaki ndogo, na kitambaa cha kuchujia nimekitupa. Wateja wengine wamehama. Kuna dada mmoja alionja akakunja uso: "Siku hizi juisi yako ina makapi." Nikamwambia ndiyo. Akavuka barabara, kule wenzangu wanachuja.

Kwa mwezi napungukiwa kama theluthi ya nilichokuwa napata. Mwenye mbuzi naye amenisema kwa jirani kwamba nimekuwa mchoyo.

Jana jioni Baba kapiga simu. Machungwa yameiva, ana magunia manne, anauliza apakie mangapi. Mwaka juzi ningesema yote. Nikamwambia alete moja. Akanyamaza, nikasikia ulimi wake ukigonga meno kama afanyavyo akipiga hesabu.

"Basi hayo matatu nimwite yule mchuuzi wa Kisorya," akasema. "Ila mama, bei ya yule kijana ni ya wizi."